Goti ni lako, uamuzi pia uwe wako

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 64, aliyekuwa akiuza mboga sokoni hapa Nairobi, aliingia katika kliniki yangu asubuhi moja akitembea vizuri kuliko nilivyowahi kumwona kwa miaka sita. Hakuwa na bakora wala hakushika ukuta. Nilifurahi, nikampongeza. Miezi kumi na minne kabla ya siku hiyo alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kubadilishwa goti la kulia. Watoto wake waliitisha harambee, wakachangiwa na jamaa, majirani na waumini wenzao mpaka pesa zikatosha.

Lakini mama hakutabasamu. Aliketi, akaweka mkoba wake mapajani, kisha akaniambia: "Daktari, maumivu yameisha, namshukuru Mungu. Lakini siwezi kupiga magoti kanisani. Nikienda nyumbani mashambani siwezi kuchuchumaa chooni. Palizi nayo siiwezi kama zamani. Mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Alipoondoka nilitoa faili yake, nikaisoma nakala ya barua niliyomwandikia daktari wa mifupa. Ilikuwa na mistari miwili tu: goti limechakaa, tafadhali msaidie. Nikakumbuka siku niliyoiandika. Aliyezungumza nami siku hiyo alikuwa kijana wake wa kwanza. Mama mwenyewe aliketi kando, kimya, kana kwamba yeye ndiye aliyemsindikiza mgonjwa.

Daktari aliyempasua hakukosea. Goti lile limekaa sawasawa. Kosa lilitokea kabla hajafika kwenye meza ya upasuaji, na sehemu kubwa ya kosa hilo ni yangu. Ndiyo maana juma hili nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo sisi madaktari hulipitia mbio mbio: ni nani anayepaswa kuamua kwamba kiungo kibadilishwe, na anapaswa kujua nini kabla hajaamua.

Kukataa bila kujua

Msomaji asije akadhani kwamba ninawatisha watu wasifanyiwe upasuaji. Ninaye mgonjwa mwingine, mzee wa miaka 71, fundi wa kushona nguo aliyestaafu, ambaye kwa miaka tisa alikataa katakata kusikia habari ya kubadilishwa nyonga. Alikuwa ameambiwa na jirani kwamba mtu akishawekewa chuma mwilini hatembei tena. Basi akaishi kwa vidonge. Kila mwezi alinunua dawa za kutuliza maumivu katika duka la dawa, bila cheti cha daktari, akaongeza na unga wa mitishamba aliouziwa barabarani.

Mwaka wa tisa alitapika damu. Dawa za aina ya diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi, huweza kutoboa tumbo, kupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo. Mzee alipona, lakini figo zake hazijarudi hali yake ya kwanza, na jambo hilo limeufanya upasuaji ambao ungekuwa mwepesi akiwa na miaka 62 uwe mgumu zaidi sasa.

Wagonjwa hawa wawili wanaonekana kuwa kinyume. Mmoja alikubali, mwingine alikataa. Lakini ukichunguza utaona kwamba tatizo lao ni moja. Mama alisema ndiyo bila kujua alichokikubali, na mzee alisema la bila kujua alichokikataa. Wote wawili waliamuliwa na watu wengine, mmoja na watoto wake na mwingine na jirani yake.

Kwanza ujue unaugua nini

Watu wengi husema wana baridi yabisi wanapoumwa na viungo, na huamini kwamba ugonjwa huo huletwa na baridi ya Limuru au maji ya kufulia. Ukweli ni kwamba yako maradhi mengi ya viungo, na si yote yanayohitaji kisu.

La kwanza, na ndilo linalowapata watu wengi wa umri mkubwa, ni uchakavu wa gegedu. Gegedu ni kile kitu cheupe, laini na telezi kinachofunika ncha za mifupa mahali inapokutana. Kikilika, mifupa huanza kusuguana, kiungo huvimba, huwa kigumu asubuhi, na huuma zaidi mtu anapopanda ngazi au kusimama kwa muda mrefu. Unene wa mwili, majeraha ya zamani, kazi za kubeba mizigo na urithi wa familia huchangia.

La pili ni lile ambalo kinga ya mwili hugeuka na kuvishambulia viungo vyenyewe. Huanza mara nyingi kwenye vidole na viganja vya mikono yote miwili, na huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Huyu anahitaji dawa za kutuliza kinga hiyo, tena mapema, kabla viungo havijaharibika. Kumpeleka kwenye upasuaji kabla ya kumpa dawa hizo ni kujenga paa kabla ya ukuta.

La tatu ni jongo, ambalo hutokana na asidi ya yuriki kuzidi katika damu na kugeuka chembe ndani ya kiungo. Hili lina dawa zake.

Aidha, wako vijana ambao nyonga zao hufa kwa sababu damu haifiki kwenye kichwa cha mfupa wa paja. Hutokea kwa wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi katika maeneo ya Ziwa Victoria na Pwani, na kwa waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu. Kijana wa miaka 28 mwenye nyonga iliyokufa ana maswali tofauti kabisa na ya nyanya wa miaka 75, kwa sababu kiungo bandia kitalazimika kumtumikia muda mrefu zaidi.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumwuliza daktari ni hili: ugonjwa wangu unaitwaje, na umejuaje? Asikuridhishe kwa kukuonyesha picha ya eksirei peke yake. Wako watu ambao picha zao zinatisha lakini wanatembea hadi sokoni na kurudi, na wako wengine ambao picha zao si mbaya lakini hawalali kwa maumivu. Anayetibiwa ni mtu. Picha ni ushahidi mmoja tu kati ya mengi.

Kiungo bandia ni nini?

Katika upasuaji wa goti, daktari huondoa tabaka jembamba la mfupa na gegedu iliyochakaa kwenye ncha za mifupa, akaweka vifuniko vya madini, na katikati yake akaweka plastiki ngumu ili viteleze. Katika nyonga, hukata kichwa cha mfupa wa paja na kuweka kingine chenye shina linaloingia ndani ya mfupa, pamoja na kikombe kipya kwenye kiuno.

Upasuaji wa nyonga kama tunavyoujua leo ulianzishwa na daktari Mwingereza, John Charnley, katika hospitali ya Wrightington. Mwanzoni alitumia kikombe cha Teflon. Wagonjwa wake waliinuka wakatembea, na kila mtu akashangilia. Lakini baada ya miaka michache Teflon ililika, vumbi lake likaharibu mifupa, na mamia ya wagonjwa wakahitaji kupasuliwa tena. Charnley hakuyaficha makosa yake. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki ya aina nyingine, na kabla ya kuwa na hakika alijitia chembe za vitu vyote viwili katika paja lake mwenyewe ili aone mwili utavipokeaje. Teflon ilimletea vivimbe, plastiki mpya haikumletea.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu kinatufunza kwamba furaha ya mwezi wa kwanza haitoshi kuupima upasuaji wa namna hii. Unapimwa kwa miaka.

Na miaka hiyo inasemaje? Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya kumbukumbu za wagonjwa wengi wa nchi tajiri, ulionyesha kwamba kati ya magoti 100 yaliyobadilishwa yote, karibu 82 bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Kwa nyonga ni karibu 58 kati ya 100. Hizi ni habari njema sana. Vifaa vichache vilivyotengenezwa na binadamu hudumu hivyo.

Lakini umri una neno lake. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu aliyebadilishwa kiungo akiwa amepita miaka 70 ana uwezekano wa karibu asilimia 5 tu wa kuhitaji kupasuliwa mara ya pili maishani mwake. Kwa mwanamume aliyefanyiwa akiwa na miaka hamsini na kidogo, uwezekano huo hufika asilimia 35. Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, hugharimu zaidi, na matokeo yake si mazuri kama ya kwanza. Kwa hiyo kijana akiambiwa asubiri kidogo asione kwamba anadharauliwa. Hali kadhalika, mzee akiambiwa asiendelee kusubiri, asione kwamba daktari ana tamaa ya pesa.

Yasiyosemwa

Sasa nije kwenye mambo ambayo mimi sikumwambia yule mama.

Kwanza, goti bandia halikunjwi kama goti la kuzaliwa. Mara nyingi hufikia digrii 110 hadi 120. Hiyo inatosha kuketi kitini, kupanda matatu na kupanda ngazi za nyumba ya kupanga isiyo na lifti. Haitoshi kuchuchumaa kabisa kwenye choo cha shimo. Mgonjwa anayeishi mjini lakini nyumbani kwao mashambani kuna choo cha shimo anapaswa kuambiwa mapema, ili watu wake wamtengenezee kiti cha choo. Seremala wa kijijini anaweza kukiunda kwa mbao kwa siku moja. Mama yangu huyu angejua, kiti hicho kingemngojea.

Pili, kupiga magoti. Baada ya kidonda kupona, kwa wengi haliharibu goti, lakini watu wengi huona vigumu, husikia ganzi au maumivu, au huogopa. Mkristo anayepiga magoti na Mwislamu anayesujudu wanahitaji kulizungumza jambo hili na daktari, na pia na viongozi wao wa dini, ambao kwa kawaida huwaruhusu wagonjwa kusali wakiwa wameketi. Si jambo dogo. Kwa wengine sala ni nusu ya maisha yao.

Tatu, si kila mtu huridhika. Karibu mtu mmoja kati ya watano waliobadilishwa goti husema kwamba bado ana maumivu au hakupata alichotarajia. Nyonga ina sifa nzuri zaidi. Maana yake ni kwamba wanne kati ya watano hufurahi, nayo ni hesabu nzuri. Lakini mwenye kuchangiwa na ukoo mzima ana haki ya kujua kwamba yuko pia yule wa tano.

Nne, ziko hatari. Damu huweza kuganda mguuni na kusafiri hadi mapafuni, ndiyo sababu mgonjwa hupewa dawa za kuizuia na kuinuliwa kitandani mapema. Viini vya maradhi huweza kuingia katika kiungo kipya. Hutokea kwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya mia, lakini akipatwa, taabu yake ni kubwa, na huenda kiungo kikatolewa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvuta sigara, mwenye kidonda mguuni au jino lililooza yuko hatarini zaidi. Kwa hivyo daktari akikuahirisha mpaka sukari ishuke, mshukuru.

Tano, upasuaji ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mazoezi. Mgonjwa huinuliwa siku ile ile au kesho yake, huku akiumwa, na kwa wiki kadhaa lazima alikunje na kulinyoosha goti hata machozi yakimtoka. Asiyefanya hivyo goti hugandamana. Je, nani atampikia? Nani atamshika mkono akienda bafuni? Kama wiki sita hizo hazina mtu, basi upasuaji haujapangwa bado.

Kabla ya kisu

Isitoshe, wagonjwa wengi hutumwa kwa daktari wa upasuaji kabla ya kujaribu yaliyo rahisi. Utafiti uliofanywa Denmark na kuchapishwa mwaka 2015 uliwachukua wagonjwa 100 wenye magoti yaliyochakaa, wote wakiwa wanastahili kubadilishwa goti. Nusu walipasuliwa kisha wakapewa mazoezi, ushauri wa lishe na dawa. Nusu ya pili walipewa mazoezi, lishe na dawa bila kupasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 85 ya waliopasuliwa walikuwa wamepata nafuu ya maana. Wale wasiopasuliwa waliopata nafuu hiyo walikuwa asilimia 68. Kati ya hao 50 wa kundi la pili, 13 waliamua kupasuliwa kabla mwaka haujaisha. Lakini madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa.

Utaona kwamba upasuaji ulishinda, na ulishinda kwa pengo la kutosha. Hata hivyo, wengi wa wale wengine walipata nafuu bila kulazwa. Huo ndio ukweli wote, na mgonjwa anapaswa kupewa wote, wala si nusu.

Mazoezi ninayoyasema hayahitaji mashine. Keti kitini, nyoosha mguu mmoja mbele yako, uhesabu hadi kumi, ushushe, kisha mwingine. Inuka kitini bila kutumia mikono, mara kumi, asubuhi na jioni. Misuli ya paja ikiwa na nguvu hulibebea goti mzigo. Uzani nao una hesabu yake: kila kilo moja unayopunguza mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua. Mtu mnene akipunguza kilo tano, goti lake limetua gunia dogo. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande usiouma, si wa upande unaouma kama wengi wafanyavyo. Dawa ya kupaka gotini ijaribiwe kabla ya vidonge, kwa kuwa haisumbui tumbo sana. Na unga ule wa barabarani unaoondoa maumivu ya miaka kumi kwa siku mbili uogopwe. Nimewaona wagonjwa waliovimba uso kwa kuutumia, dalili inayonitia shaka kwamba ulikuwa umechanganywa na steroidi.

Ukiyafanya hayo kwa uaminifu kwa miezi mitatu au sita, na bado maumivu yanakuamsha usiku, bado huwezi kutembea hadi kituo cha basi, bado kazi na maisha yako yamekatika, hapo upasuaji si jambo la kuogopa. Hapo kuchelewa sana ndiko kubaya, kwa maana misuli hunyauka na kiungo hukauka kikiwa kimepinda.

Sheria iko upande wako

Watu wengi hudhani kumwuliza daktari maswali ni utovu wa adabu. Sivyo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama za kila njia, na haki yake ya kukataa. Inasema pia kwamba maelezo hayo, kadiri inavyowezekana, yatolewe kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Karatasi ya idhini iliyoandikwa kwa Kiingereza, ikawekwa dole gumba na mtu asiyekisoma dakika tano kabla ya kuingizwa chumbani, haitimizi lengo hilo hata kidogo.

Hapa nataka kuwaambia watoto neno. Mnafanya vyema kuwachangia wazazi wenu, na bila nyinyi wengi wangebaki vitandani. Lakini anayelipa hapati haki ya kuamua. Nimewaona wazee waliokubali upasuaji kwa sababu waliona aibu kusema la wakati pesa zimekwisha kuchangwa. Muulizeni mzazi kabla ya kuchapisha kadi za harambee. Mwulizeni akiwa peke yake, na mumpe siku za kufikiri. Mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Na kuhusu pesa, ulizeni bei yote. Mara nyingi familia hutajiwa bei ya upasuaji, kisha hugundua kwamba kiungo chenyewe, vipimo, damu, siku za ziada kitandani, dawa, magongo na mazoezi ya wiki kumi na mbili ni hesabu nyingine. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi bado hawana hakika ni kiasi gani wanacholipiwa. Takeni jibu la maandishi kutoka kwa hospitali na kwa bima kabla ya siku ya kulazwa.

Maswali ya kubeba mfukoni

Yaandike kwenye karatasi, uende nayo, na uende na mtu mmoja unayemwamini atakayesikiliza pamoja nawe.

Ugonjwa wangu ni upi hasa? Nisipofanyiwa upasuaji mwaka huu, nini kitatokea? Ni tiba gani nyingine ambayo sijaijaribu? Wewe daktari umebadilisha viungo vingapi vya namna hii, na wagonjwa wako wanaendeleaje? Nitaweza kufanya nini na nini sitaweza tena? Kiungo kitakachowekwa ni cha aina gani, na je, nitapewa kibandiko chenye nambari yake nikihifadhi nyumbani? Likiingia tatizo usiku, nimpigie nani simu? Gharama yote, pamoja na mazoezi, ni kiasi gani?

Daktari mwema hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu. Una haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili, na wapo madaktari wa mifupa katika hospitali zetu kubwa za rufaa kama Kenyatta ya Nairobi na ile ya Moi ya Eldoret, na katika hospitali kadhaa za misheni.

Kwa madaktari wenzangu wa kliniki ndogo nina ombi moja. Sisi ndio tunaomjua mgonjwa kwa miaka. Tunajua anaishi ghorofa ya ngapi, anasali vipi, anafanya kazi gani. Daktari wa upasuaji huonana naye kwa dakika ishirini. Basi tusimwandikie barua ya mistari miwili. Tuketi naye kwanza, tumwulize: mama, au mzee, ni jambo gani ambalo goti hili limekunyang'anya na unalitaka lirudi? Jibu lake ndilo liongoze barua. Kliniki zina foleni, najua. Lakini nusu saa hiyo ni ndogo kuliko miaka ishirini na mitano ya kuishi na kiungo kisichotolewa kwa urahisi.

Yule mama alirudi tena mwezi uliopita. Goti la kushoto nalo limeanza kuuma. Safari hii alikuja peke yake, akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameandika maswali saba kwa penseli. Tulizungumza mpaka mgonjwa wa foleni akabisha mlango. Nilimwuliza kama anajutia upasuaji wa kwanza. Alisema hapana, usingizi alioupata hawezi kuurudisha. Anachojutia ni kuambiwa mwishoni mambo ambayo yangesemwa mwanzoni.

Kuhusu goti la pili ameamua kujaribu mazoezi na kupunguza uzani kwa miezi sita, na kiti cha choo kitengenezwe kule mashambani sasa hivi, liwe litakalokuwa. Baada ya hapo ataamua. Kijana wake alinipigia simu jioni, akitaka kujua kwa nini nimemchelewesha mamake wakati pesa zinaweza kupatikana.

Nilimwambia amwulize mamake.